Nyuso Zilizobaki kwenye Kioo

Muuguzi aliyenipangisha chumba cha juu alikuwa na kazi ya kuwaosha watu vidonda majumbani mwao. Hospitali ilikuwa mbali, na wagonjwa wake wengi walikuwa wazee wenye kisukari, watu waliokwisha kupoteza vidole vya miguu na wasioziweza tena ngazi. Asubuhi alijaza mkoba wake pamba, bandeji, mkasi na chupa ya dawa, akatoka. Jioni alirudi ananuka dawa ile, na mama yake mdogo, ambaye alishona sare za shule pale sebuleni, alimwambia akae mbali na vitambaa vya watu. Mama mzazi wa muuguzi alifariki mwanawe angali ananyonya. Mama mdogo ndiye aliyemlea, na wakaishi hivyo, yeye na mwanawe wa kulea na picha.

Picha ilining'inia juu ya cherehani. Mwanamke mwenye macho makubwa, shingo ndefu, na tabasamu la mtu aliyekwisha kusamehe kila kitu. Muuguzi alikulia chini ya macho hayo. Alipofanya kosa, mama mdogo hakumchapa, alimwonyesha tu picha kwa kidole na kumwambia mama yako anakuona. Marehemu alikuwa mpole mno, aliambiwa, hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Muuguzi alinieleza kwamba upole ule ulimtia haya maisha yake yote, kama mtu anayeingia na viatu vya tope kwenye nyumba iliyotoka kupigwa deki.

Siku moja, ng'ambo ya soko, alikuwa amechutama akifunga mguu wa mzee aliyekuwa seremala. Akahisi anaangaliwa. Akainua kichwa, na mama yake alikuwa ukutani.

Hakuwa mtu wa kufanana naye tu. Alikuwa yeye: macho yale, shingo ile, tabasamu lile. Nguo tu ndizo zilikuwa nyingine, gauni la maua, na mapajani alipakata mtoto wa kiume. Muuguzi akauliza, kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza, yule ni nani. Seremala akasema ni marehemu mke wake wa kwanza. Mpole kupita kiasi, akaongeza, hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Tangu hapo akaanza kuangalia kuta. Zamani hakuwa na sababu, kwa kuwa anayeosha vidonda huangalia chini. Akamkuta mama yake kwa mjane anayeuza mkaa, amevaa nguo za harusi. Akamkuta kwa mwalimu mstaafu, amesimama nyuma ya kaka zake, na mwalimu akaeleza kwamba huyo ni dada yao aliyekufa angali msichana, hakuzaa. Kwenye nyumba moja ya uchochoroni amekuwa bibi kizee, mvi zimewekwa juu ya uso uleule usio na kunyanzi hata moja. Kila alipoinua kichwa walikuwa wanatazamana. Akaanza kuchelewa. Alisimama nje ya milango ya wagonjwa wake, mkono umeinuka kubisha, asibishe.

Katika miji mingine niliyopita ningesema watu hawa wanajitungia ukoo. Hapa hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo lililonisisimua mwili. Mjane wa mkaa alilia kweli alipomsimulia mama aliye ukutani.

Muuguzi alimuuliza mama mdogo kwa kuzungukazunguka kama marehemu alikuwa na pacha. Mama mdogo akakata uzi kwa meno na kucheka. Siku hizi unataka ndugu mpaka kwa wauza mkaa, alisema. Lakini alipobanwa akakumbuka kwamba baada ya mafuriko, muuguzi angali mtoto mchanga, picha ilipelekwa kwa fundi picha, nyuma ya duka la viatu, aisafishe. Nyumba zote za bondeni zilimpelekea zake.

Fundi picha alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyefunga lenzi kwenye paji la uso kwa mpira wa suruali. Hakuficha kitu. Picha ikilowa ndani ya fremu, alieleza, hugandamana na kioo. Dawa yake ni kuiloweka tena na kuisubiri iachie yenyewe. Lakini watu wa bondeni walikuwa wanaanika magodoro, wakaanika na fremu zao juani, zikakauka, kisha wakaibandua kila karatasi kama mtu anayebandua plasta. Uso ukabaki kwenye kioo. Walichomletea ni mikono, nguo, viatu, na tundu jeupe mahali pa kichwa.

"Nikawaambia wanieleze marehemu alikuwaje," alisema. "Wote wakanieleza mtu mmoja. Macho makubwa, shingo ndefu, mpole. Hakuna aliyeniambia mama alikuwa na pua ya kubonyea. Nami nikachora nilichoambiwa."

Muuguzi akauliza vile vioo vilikwenda wapi.

Fundi akavuta kreti kutoka chini ya meza. Fremu zililetwa nzima nzima, alisema, na yeye akazitia vioo vipya. Vile vya zamani alijaribu kuviosha akashindwa, maana ukishika kitambaa unaona unamfuta mtu. Alikuwa amevipanga wima na magazeti katikati. Akatoa kimoja, akakiinua dirishani. Uso ulijitokeza kwenye mwanga, mwembamba kama ganda la kitunguu, bila shingo wala mwili, unatazama. Akatoa kingine. Na kingine. Kulikuwa na mwanamume mwenye makovu ya ndui, msichana mwenye meno yaliyopandana, bibi aliyefumba jicho kwa jua. Wote walikuwa wamekaa humo gizani, kila mmoja ameangalia kisogo cha mwenzake, na hakuna aliyewahi kuja kuwaulizia.

Ni yupi wa nani, fundi mwenyewe hakujua. Njia ilikuwa moja tu. Aibandue rangi yake kwenye picha, tundu lionekane lilivyochanika, kisha alaze kioo kimoja kimoja juu yake mpaka kingo zikutane. Akaonya kwamba huenda kisipatikane kinachokutana. Na rangi ikishatoka haitarudi, kwa sababu mkono wake sasa unatetemeka.

Picha ilikuwa mali ya mama mdogo. Muuguzi akaenda kumwomba.

"Unamtaka nani, mwanangu?" mama mdogo alisema. "Mama yako si yule pale?"

"Yule yuko kwa seremala pia, mama. Yuko kwa mwalimu. Mimi nataka aliyenizaa."

"Na akikosekana?"

"Nitajua kwamba sina picha yake. Sasa hivi hata hilo silijui."

Mama mdogo akaifunga picha ndani ya kitambaa cha sare na kutangulia kutoka. Kwa fundi alitaka kwanza aonyeshwe vile vioo. Alilala kitanda kimoja na dada yake utoto wote, alisema, hahitaji mambo ya kingo. Akavitazama vyote dirishani, kimoja baada ya kingine, akitikisa kichwa. Kuna mmoja hata alimcheka, mwanamke mwenye sura ya kutaka ugomvi. Alipofika mwisho akasema dada yake hayumo.

Fundi akamtazama muuguzi. Muuguzi akasema aendelee.

Pamba iliyoloweshwa, kisha wembe. Tabasamu lilitoka kwanza. Macho yalikataa, yakabaki peke yake kwenye weupe, makubwa, mpaka mama mdogo akageukia mlango. Kisha fundi akaanza kulaza vioo. Vingi vilikataa. Kimoja kikakaa, kingo zikafungana kama kidonda kilichoshonwa na mtu anayeijua kazi yake. Alikuwa ni yule mwenye sura ya ugomvi. Macho madogo, moja dogo kuliko jingine, paji limekunjwa, midomo imebanwa kana kwamba mpiga picha ametoka kumtukana.

"Simjui," mama mdogo alisema.

Wakarudi nyumbani na picha, mama mdogo mbele. Mlangoni akasimama. "Wewe umempata mama yako," alisema. "Mimi leo ndiyo nimefiwa."

Muuguzi akaitundika picha palepale, na mama mdogo akaigeuza cherehani ili ampe mgongo mwanamke yule. Nyumba ikawa ngumu. Baadaye alinieleza jambo ambalo alikuwa anaogopa kumwambia mwanawe. Zamani alipomkumbuka dada yake kisimani, alimwona na macho yale makubwa. Sasa macho yamekwenda na hakuna kilichokuja badala yake. Anamwona dada yake anakuja na ndoo kichwani, na chini ya ndoo kuna weupe tu. Weupe unamwita kwa jina.

Muuguzi naye alikuwa anajuta, ingawa hakusema. Alikuwa amewafanya watu wawili yatima, na aliyemleta ukutani hakuwa na habari na yeyote. Alikuwa akila amemwelekea, ananing'iniza kijiko, anasubiri.

Mchana mmoja walikuwa hivyo, mmoja anakula na mwingine anashona, nami ninashuka ngazi. Cherehani ikanyamaza. Mama mdogo alikuwa amegeuka kwenye kiti, anaikazia macho ile picha, na mkono wake wa kulia umeingia chini ya kwapa la kushoto, unasugua.

"Alikuwa ananifinya," alisema.

"Nani?"

"Huyo. Nikikojoa kitandani. Alinifinya hapa, kwa ndani, ili mama asione alama. Akikunja uso hivyohivyo." Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. "Mungu wangu, alikuwa mkorofi yule. Alikuwa na kelele. Mtaa mzima ulimjua."

Muuguzi akaweka sahani chini.

"Alifinya kwa nguvu?"

"Njoo nikuonyeshe," mama mdogo alisema, na muuguzi akaenda, akapandisha mkono wa sare yake ya kazi, akampa.