Konekta Saba na Mistari Mitatu ya Mama

Nianze na kosa lenyewe, maana nisipolisema sasa nitalizungukia mpaka mwisho: televisheni ya mama haikuwa imeharibika. Ilikuwa inaganda kidogo tu upepo wa Kitengela ukivuma. Picha inakatika vipande vya mraba, halafu inarudi. Majirani zetu wengi wanaishi hivyo na wanapata usingizi. Mimi siwezi. Mimi nikiona picha imeinama ukutani kwa mtu, hata kama nimekuja matangani, mkono wangu unakwenda wenyewe kuinyoosha.

Kilichokuwa kinasubiriwa ni hiki. Jumapili saa nane mchana, kituo kimoja kingeonyesha tamasha la kwaya lililorekodiwa Kajiado. Kwaya ya kanisa letu iliimba huko, na katika wimbo wao wa kwanza kulikuwa na mistari mitatu ambayo mama aliimba peke yake, wengine wote wakiwa kimya. Mama yuko katika kwaya hiyo tangu kabla sijazaliwa na hakuwahi kupewa hata nusu mstari. Kipindi kingepita mara moja, na hakuna aliyekuwa na nakala. Alikuwa amealika kwaya nzima waje kutazamia kwetu, kwa sababu skrini yetu ni kubwa na nimeifunga ukutani mwenyewe, skrubu sita, sawasawa kabisa. Nilipima kwa maji ndani ya chupa.

Jumamosi asubuhi mama alipokwenda mazoezi, nikachungulia nyuma ya dekoda. Waya wa dishi huingia pale kwa kichwa kidogo cha chuma, konekta, na yetu ilikuwa imelegea, imeviringishwa utepe mweusi na fundi fulani wa zamani. Mtu mwenye akili zake angeikaza kwa vidole akaenda kunywa chai. Mimi nilichukua kisu nikakata.

Kazi hii nilijifunza kwa video. Ni ndogo kweli. Unachuna ganda la nje, unakunja nyuma zile nyuzi za rangi ya fedha zilizosukwa kama wavu, unachuna plastiki nyeupe ya ndani mpaka ubaki na waya mmoja wa shaba katikati, kisha unazungushia konekta. Unywele hata mmoja wa zile nyuzi usiguse shaba. Ukigusa, hakuna picha. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniharibia wikendi.

Ya kwanza, kisu kilikwaruza shaba. Hakuna binadamu ambaye angeona, lakini mimi ningejua. Nikakata. Ya pili, unywele uligusa. Nikakata. Ya tatu ilileta picha! Picha safi, mtu anatangaza hali ya hewa, na hapo ndipo mtu mwingine angetua kisu. Mimi nikakumbuka kwamba konekta nzuri ukiivuta haitoki. Nikaivuta. Ikatoka. Ya nne nayo ikatoka. Ya tano ilikaa upande. Ya sita siikumbuki vizuri kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilipofuta macho nikaenda kuifunga ile ya sita kwenye dekoda, haikufika. Waya ulining'inia shubiri moja na nusu juu ya rafu ya dekoda. Unatoka kwenye tundu karibu na dari, umeshikwa na vibanio nilivyopigilia mwenyewe kwa mstari ulionyooka, na sikuacha hata kidole cha ziada. Waya wa ziada unaning'inia vibaya.

Mama akaingia, akakuta vipande vya waya vimetapakaa kwenye zulia.

"Na hizi ni nini? Umekuwa ukikata mikia ya panya?"

"Ni vichwa vya waya, mum. Vilikuwa vibaya."

"TV inafanya?"

"Inakaribia."

"Inakaribia wapi? Asubuhi ilikuwa imeshafika!"

Alikaa kwenye kochi bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilitegemea kelele. Badala yake akasema polepole, "Kesho saa nane." Ningependelea kelele.

Kisha akaniambia niende dukani ninunue kipande cha waya niunge. Nikakataa. Ndiyo, nilikataa. Nilimweleza mama yangu, aliyenilea, kwamba kila kiungo hupunguza nguvu ya mawimbi, kwa hiyo kuunga ni uzembe. Jumapili baada ya ibada akili ikanirudia, nikakimbia hadi duka la vifaa. Limefungwa. Mwenye duka anaimba besi katika kwaya ya mama, na wakati huo alikuwa ameketi sebuleni kwetu, suti ya kijivu, akila chapati na kungoja kujiona.

"Mzee, tafadhali, twende ufungue," nikamwomba.

"Funguo ziko nyumbani Kajiado, msichana wangu. Leo nimekuja kujiangalia. Sikuja kuuza."

Saa nane kasorobo. Sebule imejaa wanakwaya. Mama anagawa chai na hanitazami. Jirani yetu, anayeimba sauti ya tatu, alikuwa ananitazama kwa niaba yake.

"Huyu ataolewa na dishi," akasema. "Na mahari tutaletewa kwa waya."

Mzee wa besi akaishika ile konekta yangu ya sita, akachungulia mdomoni mwake kama daktari wa meno. "Hukusukuma. Hii nyeupe inatakiwa ifike sawa na sakafu ya ndani. Wewe umeishia mlangoni. Kata."

"Nikate tena?"

"Kata!"

Nikakata, huku mama akifumba macho. Nikachuna, nikakunja, nikaanza kupima kwa rula. "Wacha rula," akasema mzee. "Sukuma na uzungushe." Nikasukuma mpaka kidole gumba kikawa cheupe, na ile plastiki ikafika sakafuni. Nje ilionekana vibaya: nyuzi mbili zimetokeza, ganda limechanika kidogo.

"Vuta."

Nikavuta. Haikutoka.

"Vuta kama umekasirika."

Nilikuwa nimekasirika. Haikutoka. Nilikuwa nimekata konekta nzuri kwa macho Jumamosi asubuhi nzima, na hii mbaya ndiyo iliyoshika.

Bado haikufika kwenye rafu. Tukajaribu kuweka dekoda juu ya ndoo, ndoo juu ya stuli. Waya ule mgumu ukaivuta, ikaanguka kifudifudi. Jirani alileta Biblia tatu za kupanga, mama akazirudisha kabatini. Saa nane kasoro dakika mbili nikaichukua dekoda, nikasimama kando ya skrini, nikaiinua hadi kifuani mpaka waya ukafika, nikaifunga. Nyuma yangu watu wakapiga makofi.

Yaani mbele yangu. Skrini ilikuwa nyuma ya bega langu. Sikuweza kugeuka bila kuvuta waya, kwa hiyo kipindi chote nilitazama wanakwaya wakijitazama.

Wimbo ukaanza. Mzee wa besi akajiona, akanyoosha tai. Halafu sauti zote zikanyamaza, ikabaki moja. Mama alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Mstari wa kwanza midomo yake ilicheza bila sauti. Mstari wa pili akatabasamu, tabasamu dogo la mtu anayejificha mwenyewe.

Mikono yangu ikaanza kutetemeka.

"Usitingike!" jirani akafoka. "Wewe mtoto, usitingike!"

Nikatingika. Sauti ikakatika. Kwa nyuso zao nilijua picha imeganda, na baadaye waliniambia iliganda mama akiwa ameachama mpaka magego yanaonekana. Mstari wa tatu, ule unaopanda juu kuliko yote, haukuja.

Mama akauimba. Akiwa amekaa palepale kwenye kochi, kikombe mkononi, aliuanzia mahali ulipokatika na kuupandisha hadi juu, bila haraka, macho kwenye ile skrini iliyoganda. Alipofika mwisho, kwaya yote ikadakia kiitikio, na katikati ya kiitikio sauti ya televisheni ikarudi, ikiwa nyuma yao kwa maneno mawili.

Wimbo ulipoisha nikaanza kushusha dekoda.

"Unaenda wapi?" mama akaniuliza. "Simama hapo hapo. Wako na wimbo wa pili."