Ndama Chini ya Daraja la Mfereji

Kwa wiki tatu nilikunywa chai ya maji ya mzoga, na nikaisifu.

Msicheke.

Ilikuwa 1958. Mimi, Kaleli, nilikuwa kibarua kwa shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Mfereji wa zamani, uliokauka miaka mingi, ulikuwa unafufuliwa. Siku walifungulia maji, tangi letu likajaa. Tulishangilia!

Wiki hiyo hiyo watoto wakaanza kuhara. Mtoto wa Katunge, jirani yangu, akafa.

Gachanja, rafiki yangu, ndiye alisema kwanza. "Ni uji wa Wakonyo. Huyo mama ametia kitu."

Wakonyo alikuwa mjane Mkikuyu aliyetuuzia uji. Tulimfukuza mchana kweupe. Sufuria yake niliipiga teke mimi mwenyewe.

Na hizo zilikuwa siku za Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni. Mkikuyu akipatikana nje ya shamba bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, ni seli moja kwa moja.

Tulijua. Tukamfukuza tu.

Lakini watoto hawakupona.

Basi nyapara akanituma na Gachanja tutembee mfereji wote, kutoka mtoni mpaka kwa tangi, tutafute pahali maji yanachafuka. Kufika daraja la barabara, Gachanja akaharakisha.

"Hapa pako sawa. Tupite."

"Sawa na hiyo harufu?"

Nikaingiza fito chini ya daraja. Ikazama kwa kitu laini. Nikavuta.

Ngai!

Ndama wawili, wamefura, ngozi inabanduka, funza wanamwagika kwa maji. Maji yetu! Nilitapika mpaka tumbo likabaki na hewa.

Halafu nikaona miguu yao imefungwa kamba. Hawakuanguka hapo. Walitupwa.

Kugeuka, Gachanja analia.

"Walikufa zizini, nikaambiwa niwazike, Kaleli. Udongo ulikuwa mgumu, na mfereji ulikuwa mkavu. Sikujua watafungulia maji mapema hivyo."

"Na Wakonyo?"

"Niliogopa wataniuliza mimi."

Nilimkokota mpaka kambini, akasema mbele ya watu wote.  Katunge alimtemea Gachanja mate usoni. Halafu akanitemea mimi pia.

Wakonyo tulimpata Ruiru kwa dadake. Alikuwa ametoka seli, siku tisa, amekonda. Nilipiga magoti, nikamnyooshea mkono.

"Mama, tusamehe."

Aliuangalia huo mkono kama kitu kimetolewa chooni.

"Nimewasikia. Sasa ondokeni, nafua nguo."

Nimezeeka. Nimeokoka, nimelea wajukuu. Lakini nikikumbuka siku hiyo, mimi ndiye najinyanyapaa.

Wewe unayesoma, ukisikia watu wamemtaja mtu, usijiunge nao. Kwanza nenda ukajionee mwenyewe.