Mafuta Hayajakauka

Mzee wa Bunduki, kama majirani wanavyomwita, hushinda barazani akikipaka mafuta kitako cha bunduki yake. Kwanza msasa, kisha rangi ya mbao, kisha mafuta, tone kwa tone, kwa mkono laini kama wa mkunga, mpaka mti upate joto. Mlango wa jiko la mkewe unaliwa na mchwa. Huo haujawahi kuonja hata tone.

Juzi nyani waliingia kwenye mahindi.

“Baba watoto, lete bunduki.”

“Mafuta hayajakauka.”

Mkewe akachomoka na mwiko. Mzee akavua shati upesi, na mke akashusha pumzi: angalau anamfuata. Kumbe analitandaza mbele ya bunduki kama pazia.

“Kimbia taratibu, mama watoto. Unatimua vumbi.”