Maombi ya Safari

Mama yangu ni mtu wa kanisa kabisa, lakini ana ukaidi mmoja: hataki kuombewa safari. Kanisani kwetu, upande huu wa Kitengela unaoelekea Isinya, matangazo yakikaribia kwisha mchungaji huuliza nani anasafiri wiki hiyo. Watu husimama mmoja mmoja, wanapewa maikrofoni, na kila mtu anaeleza safari yake mwenyewe. Huyu anapeleka mahari Ngong Jumatano, yule anaenda kuzika shangazi Kitui, wengine wanaondoka nyumba nzima na kurudi kesho yake jioni. Sisi wengine tunanyoosha mikono tunawaombea. Mama hukaa kimya na Biblia yake mapajani. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akaniambia Mungu anaijua barabara ya Machakos bila kuonyeshwa na maikrofoni.

Nilicheka wakati huo. Sikujua ukaidi huo nusura utukosanishe na kila mtu tuliyeishi naye.

Ploti yetu tuliinunua nikiwa bado shule ya msingi, kutoka kwa familia ya Kimaasai ambayo mpaka leo inakaa ng'ambo ya barabara ya marram. Mzee aliyetuuzia alishafariki. Mjane wake ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama wafugaji wa kondoo, na kila mtu anamwita Mwenyekiti, hata wajukuu wake wakitaka kumchokoza. Ni mama mrefu, mkali, anayeweza kumtambua kondoo mwenye homa akiwa bado upande wa pili wa barabara. Kikundi kina Wamaasai na sisi Wakamba, na kazi zake zinajulikana: tunaagiza nyasi kavu kwa lori moja, tunaogesha kondoo pamoja, tunazikana, na mwenzako akisafiri unaenda kwake kunywesha mifugo. Mama alipendwa sana kwa hiyo kazi ya mwisho. Ukimwachia kondoo unawakuta wamenenepa.

Kisha wizi ukaanza. Gari lilikuwa linakuja mchana kweupe, kwenye boma ambalo wenyewe wamesafiri, na kabla jirani hajafika kunywesha, zizi liko wazi. Halikukosea hata mara moja. Kama nyumba ilikuwa na mtu, gari halikuonekana. Mwenyekiti mwenyewe alienda kwa harusi ya mpwa wake, akarudi akakuta kondoo wake wote wameenda, pamoja na wale aliowaacha marehemu mzee. Siku hiyo nilimsikia akilia kutoka kwetu, na sijawahi kumsikia akilia tena.

Tukaanza kuogopana. Salamu zikawa fupi. Zamani ukikutana na mama wa Kimaasai njiani mnaulizana watoto, mifugo, mvua, mpaka maziwa yanaweza kuganda. Sasa ilikuwa "takwenya," na jibu "iko," na kila mtu anaendelea na njia yake. Watu waliacha kusema hata wanaenda sokoni. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ndani ya kikundi kuna mtu anayewaambia wezi nani hayuko nyumbani, na kila mmoja alikuwa anatafuta ni nani.

Wakampata Mama. Nikiwa na hasira zangu naweza kusema walimchagua, lakini ukweli ni kwamba mambo yalionekana vibaya. Maboma mawili yaliyoibiwa, Mama ndiye aliyekuwa ameachiwa kazi ya kunywesha. Kondoo wetu hawakuguswa. Na yeye ndiye pekee ambaye hakuna mtu aliyewahi kujua anasafiri lini. Waliitisha mkutano kanisani baada ya ibada, na Mwenyekiti akasimama akasema bila kuzunguka.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini wewe unajua zetu na sisi hatujui zako. Kwa sasa ukae kando ya kikundi."

Nilisimama nikataka kumjibu. Kinywa changu hakina breki, na kazini kwenye shamba la maua Isinya wanajua hivyo. Mama akanivuta sketi nikakaa. Yeye akasema tu, "Sawa. Mkiona ukweli, mtanipata nyumbani," akaokota Biblia yake akatoka. Hakulia na hakuharakisha. Nilimfuata na hasira zangu, yeye akawa ananiuliza kama tumebakiwa na kitunguu.

Kukaa kando ya kikundi wakati wa ukame si maneno tu. Lori la nyasi lilikuja likashusha kila mahali isipokuwa kwetu. Mama alikata majani ya nepia yaliyobaki nyuma ya choo, yakaisha, akaanza kuwapa kondoo maganda ya maharagwe. Niliona mbavu zao zikianza kuhesabika. Nilimwambia tuwauze tuhamie Machakos kwa dada yake. Akanitazama kama mtu aliyesikia matusi. "Nihame kama mwizi?" akaniuliza. Tangu hapo sikurudia.

Jumapili iliyofuata hatukuenda kanisani, kwa sababu ile ya kabla yake benchi letu lilikuwa la watu wawili tu, mimi na yeye. Tulikaa nje tukichambua ndengu. Kanisa liko mbali kidogo nasi, karibu na njia panda, lakini lina spika kubwa mbili juu ya paa, zinazotazama barabarani. Tulizichangia sisi wenyewe ili Neno liwafikie wapita njia. Upepo ulikuwa unatoka huko, tukasikia ibada yote, mpaka matangazo. Mwalimu mmoja aliyepanga chumba mtaani, asiye na hata kuku, akatangaza kwamba anaenda Kona Baridi Jumanne kumwona baba yake, nyumba ataifunga, atarudi Alhamisi. Kila neno lilitufikia kama vile amekaa nasi kwenye mkeka.

Mkono wa Mama ukasimama juu ya ungo.

"Umesikia amesema nini?"

"Anaenda Kona Baridi, mwaitu," nikamjibu. Kwetu mama tunamwita hivyo.

"Na sisi tuko wapi?"

"Tuko nyumbani."

"Basi."

Ilinichukua muda. Miaka hiyo yote tulikuwa ndani ya kanisa wakati wa matangazo, hakuna aliyewahi kuyasikia akiwa nje. Sisi wenyewe tulikuwa tunasimama, tunataja siku na saa, tunasema nyumba inabaki na nani au haibaki na mtu, na spika zinawapelekea walioko njia panda. Msaliti wetu alikuwa juu ya paa, na tulimnunua kwa harambee.

Niliruka nikataka kukimbilia kanisani niwaambie wote. Mama akakataa. Alisema watasema ametafuta njia ya kutokea, na kila mtu ataendelea kuamini anachoamini. Akajifunga leso, akavuka barabara kwenda kwa Mwenyekiti, nami nyuma yake nikilalamika.

Mwenyekiti alikuwa ndiyo amerudi kutoka ibadani. Alitukaribisha viti na hakutukaribisha chai, na katika boma la Kimaasai hiyo ni habari ndefu. Mama akamweleza habari ya spika. Mwenyekiti akasikiliza huku akivuta mdomo.

"Hayo ni maneno," akasema.

"Ni maneno, ndiyo," Mama akajibu. "Kwa hivyo Jumapili ijayo nitasimama, nitasema naenda Machakos kwa dada yangu siku ya Alhamisi, na nyumba itakuwa imefungwa. Na nitaenda kweli. Mimi siwezi kudanganya kanisani."

"Na hii msichana yako?"

"Huyu atajificha ndani. Lakini kondoo simwachii yeye. Nakuachia wewe."

Mwenyekiti akasahau kuvuta mdomo. "Mimi? Mimi ndio nilisema utoke kwa kikundi."

"Ndiyo maana. Wakikuja utawaona na macho yako. Wasipokuja, pia utaona na macho yako, na sitasema kitu tena."

"Na nikikosa kuja kabisa? Wachukue zote?"

"Basi nitakuwa sina kondoo, na nitajua wewe ni nani."

Nilidhani Mama amerukwa na akili. Kati ya watu wote Kajiado nzima, kumwachia huyo! Mwenyekiti alikaa akimtazama, akaamka akaingia ndani. Alirudi na chai, yenye maziwa mengi, tukainywa.

Jumapili iliyofuata Mama aliishika maikrofoni kwa mara ya kwanza. Niliona kanisa zima likigeuka. Alisema anakwenda kwa dada yake Machakos Alhamisi asubuhi, analala huko, nyumba itakuwa imefungwa, na anaomba Mungu amfikishe salama. Alipotakiwa kuombewa, mikono ilikaa mapajani. Kisha mkono mmoja mrefu wenye shanga ukanyooka kutoka benchi la mbele, wa Mwenyekiti, na wengine wakaanza kumfuata kwa aibu.

Alhamisi Mama aliondoka kwa bodaboda akiwa amevaa kilemba chake cheupe, na kikapu magotini, kila mtu akimwona. Mimi niliomba ruhusa kazini nikajifungia ndani. Haukupita muda nikasikia fensi ya nyuma ikilia. Alikuwa Mwenyekiti, na thermosi ya chai, na rungu la marehemu mumewe limefichwa ndani ya shuka. Wanawe wawili alikuwa amewaweka barabarani kule juu na mkokoteni wa punda wa kubeba maji, wajifanye wanatengeneza gurudumu.

Tulikaa sebuleni na pazia limefungwa, mimi na mtu niliyemchukia kuliko wote. Alitazama picha zetu ukutani moja baada ya nyingine. Mimi nikashindwa kunyamaza.

"Mama yangu si mwizi," nikamwambia.

"Angekuwa mwizi angeniacha kwa nyumba yake?" Akafungua thermosi akanimiminia chai. "Mimi nilikuwa naogopa, msichana wangu. Ukiogopa unatafuta mtu mwenye ako karibu. Yule wa mbali huwezi kumuona."

Chai yake niliinywa.

Jua lilikuwa limeshapanda tuliposikia gari, Probox iliyotolewa viti vya nyuma. Wanaume watatu walishuka bila wasiwasi wowote, kama watu waliokuja kuchukua mzigo wao, mmoja akaanza kukata kufuli ya zizi. Mwenyekiti akafungua mlango wa sebule kwa utaratibu, akatoka, akasimama mbele yao na lile rungu. Hakupiga kelele. "Sopa," akawasalimia. Nilikuwa nyuma yake na ufagio, sina haja ya kujisifu, lakini nilikuwa na ufagio. Wale watu wakakimbilia gari, wakarudi nyuma kwa kasi mpaka barabarani, na hapo wakakuta mkokoteni umelazwa katikati ya njia, punda amefunguliwa anakula zake majani.

Watu walijaa haraka. Mtu mmoja akasema iletwe petroli, na wengine wakaitikia. Mwenyekiti akaenda akauegemea mlango wa gari.

"Hii ni boma ya watu, na mwenyewe hayuko," akasema. "Nimeachiwa mimi. Hakuna damu itamwagika hapa nikiwa nimeachiwa."

Hakuna aliyethubutu kumsogeza. Wezi walikaa ndani ya gari lao wakimwomba asiondoke, mpaka polisi wakaja. Mmoja wao aliulizwa ni nani katika kikundi anayewaambia, akashangaa. Kila Jumapili, akasema, waliegesha pale njia panda wakala mahindi ya kuchemsha, na kanisa likawaambia. Akina mama waliosikia walianza kutazama viatu vyao.

Mama alirudi Ijumaa. Nilimkimbilia barabarani nikiwa na hadithi yote mdomoni, na yeye akauliza, "Kondoo walikunywa maji?" Niliona fahari mpaka machozi yakanitoka. Mwanamke huyu alikuwa ameliacha jina lake na mali yake mikononi mwa aliyemtuhumu, akaenda akalala usingizi kwa dada yake.

Siku ya kuogesha kondoo, Mwenyekiti alifika mbele ya kikundi kizima akivuta kondoo jike mwenye mimba, mmoja wa wale wachache aliokuwa ameanza nao upya. Akaweka kamba mkononi mwa Mama. Wamaasai wakipeana kondoo huacha kuitana majina na kuanza kuitana Paker, wote wawili, maisha yao yote. "Paker," Mwenyekiti akamwita kwa sauti, ili wote wasikie. Mama akamjibu, "Paker," kwa lafudhi mbaya sana ya Kikamba, na hakuna aliyecheka. Lori lililofuata lilishusha nyasi kwetu kwanza.

Spika za kanisa ziligeuzwa zikatazama ndani. Maombi ya safari bado yapo, lakini watu wamekuwa wafupi wa maneno.

Juzi nilikuwa nafagia uwanja nikamwona Mwenyekiti akivuka barabara na mkoba begani. Siku hizi anatembea polepole. Mama alikuwa anafua. Mwenyekiti akainama mpaka mdomo ukafika sikioni kwa Mama, lakini yeye Mwenyekiti masikio yake yamezeeka, kwa hivyo kunong'ona kwake nilikusikia.

"Paker, naenda Ngong kwa msichana wangu, nilale huko. Sijaambia mtu, hata mchungaji." Akatoa ufunguo wa zizi ndani ya shuka. "Nimeambia wewe pekee."

Mama akafuta povu mikononi, akaupokea.