Siku Mikono ya Baba Ilipojaa

Saa nne na robo asubuhi, mama alishusha dirisha la gari akauliza, "Munasikia arufu ya mpira inaungua?" Hatukusikia kitu. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa nyuma. Kila mama aliponusa mpira ule, kile kitu kilifuata.

Macho yake yalibaki wazi lakini hayakukuona. Mdomo ulitafuna pasipo chakula, vidole vikavutavuta pindo la kitenge. Kanisani kwetu, mtaa wa Kensington-Bailey, watu wazima walimkandamiza mikono na miguu. Alipowapiga, walisema: mnaona, pepo limekataa kutoka. Ndiyo maana tulitoka Buffalo alfajiri ile, tukimpeleka Louisville kwenye chumba cha maombi, ambako angefungiwa bila chakula na bila vidonge vya daktari. Mama hakupinga. Alikunja nguo zake mwenyewe, taratibu, akazitia kwenye begi, nami nikaogopa zaidi.

Tulikuwa tumefika Columbus. Mjomba, aliyekuwa akiendesha, alisimamisha gari kituo cha mafuta, akaingia kulipa. Sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, tuliyompelekea shangazi wa Louisville ilikuwa imeanza kumwagika, kwa hiyo baba akashuka ameikumbatia. Mama akashuka nyuma yake, tayari anatafuna, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Hapakuwa na mtu wa kumshika. Baba alimzunguka, akasimama kati yake na magari, sufuria kifuani.

"Mama Riziki, niko hapa. Tupite huku."

Alisema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. Mama akageuka. Wakazunguka gari pamoja, mchuzi ukidondokea viatu vya baba, na mama hakumpiga hata kofi. Mwishowe mdomo ukatulia. Akaitazama sufuria, akauliza, "Tuko wapi?"

Mjomba aliporudi na kusimuliwa, alicheka. "Kumbe ile pepo inaogopa sombe."

Baba hakucheka. "Bon. Leo sikumushika, na hakunipiga. Donc basi, siku zote alikuwa anapigana na nani?"

Mjomba aliwasha gari, akaligeuza kule tulikotoka. Tulirudi Buffalo. Sombe tuliila ikiwa baridi.

Ukubwani, kwa vitabu vya kuazima maktaba, nilijifundisha jina la kile kitu: kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Harufu ile ilikuwa mwanzo wake. Mtu wa namna hiyo hakandamizwi. Unamwongoza polepole mbali na hatari, unazungumza naye, unatazama saa. Kikizidi dakika tano, unaita ambulensi. Mama alipigana na mikono yetu tu, kama ambavyo yeyote angepigana akikamatwa gizani.

Mama bado anameza vidonge vyake, bado ananunua majani ya sombe Grant Street. Mimi ndiye nisiyepona. Nikinusa mpira unaungua, hata lori likiwa limefunga breki mbele ya macho yangu, namuuliza aliye karibu kama naye anaisikia harufu, isije ikawa ni mimi peke yangu, kama mama. Kisha nasubiri anijibu.