Mke Mwenza wa Miguu Minne

Nimewahi kumwonea mbwa wivu. Nasema hivi bila haya, maana waliokuwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka ile wote walijua, na wengine walileta kwenye baraza langu la ushonaji nguo zisizohitaji kushonwa, ili mradi tu wanione nilivyonuna.

Kule kwetu Uvira, Kongo, mume wangu alikuwa muuguzi wa ng'ombe. Alichanja, alizalisha, alishona waliochomwa pembe, na kwa maneno alinishinda hata mimi. Vita vya pili vya Kongo vilipotuvusha ziwa, mtoto wetu wa pekee alishikwa na surua Kigoma, tukamzika huko. Tangu siku ile mume wangu alifunga mdomo. Tulifika Malawi, tukapewa kiwanja, tukafyatua matofali, na yeye ni "ndiyo", "hapana" na "chumvi iko wapi". Jina la mtoto hakulitaja hata mara moja. Nikilia, anatoka nje. Sikuwa nataka kingine duniani isipokuwa amlilie mtoto wetu pamoja nami, hata kwa siku moja.

Ndipo akaja na mbwa. Majirani wa nyuma yetu walikuwa wamehamia Msumbiji, wakamwacha jike wao amefungwa kwenye nguzo kwa waya. Waya ulikuwa umezama shingoni, nyama imeufunika, funza wanatembea ndani. Mwili mzima hauna nywele, ni upele na kupe tupu. Nilimwambia mume wangu amtafute mtu wa kumuua, kwa huruma. Aliazima koleo, akapiga magoti mavumbini, akaanza kuukata waya, na nikamsikia akisema kwa ile sauti yake ya zamani:

"Tulia, mama. Tulia. Pole sana. Mi najua."

Nilikuwa kwenye cherehani. Nilishona mkono wa shati ukashikana na kola. "Mama" zamani alikuwa akiniita mimi. Na hiyo pole nilikuwa naisubiri tangu Kigoma, sasa imekwenda kwa mbwa mwenye funza.

Kesho yake akasema upele ule unataka sindano, lazima mbwa apelekwe Lilongwe kwa daktari wa wanyama. Mimi nilikuwa nimeomba miezi mingi anipeleke Biwi, kulekule Lilongwe, nikamwone dada yangu, na kila mara njia ilikuwa ndefu. Siku hiyo njia ikawa fupi. Akamfunga mbwa kwa kitenge changu cha harusi, eti ndicho laini. Nikavaa viatu. Nilimwambia hawaendi wawili peke yao.

Tulipanda kabaza mbili hadi barabara kuu, mimi kwenye baiskeli moja, yeye na mbwa kwenye nyingine, kisha nyuma ya pikapu mpaka mjini. Daktari alikuwa mama wa Kimalawi mwenye koti jeupe. Mume wangu Kiingereza hana, na Chichewa chake ni cha sokoni, lakini walielewana kwa mikono na kwa majina ya dawa. Daktari alipoona jinsi mume wangu alivyokishika kichwa cha mbwa, aliacha kazi akamtazama, halafu akampa mkasi aondoe mwenyewe nyama iliyooza. Alipomaliza akaambiwa, "Zikomo, dokotala," yaani asante, daktari. Mgongo wake ukanyooka. Mimi niko kwenye benchi na kijiba changu cha roho. Tangu tuondoke kwetu sikuwa nimemwona akisimama hivyo, na si mimi niliyemsimamisha. Daktari alimchoma mbwa sindano, akatupatia vidonge, akaagiza kidonda kioshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Biwi hatukupita.

Basi kila asubuhi mume wangu alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, beseni mbele yake, mbwa katikati ya magoti, na anaongea.

"Mama, dezyem biro ya bwana yako iko nanenepa," jirani mmoja aliniambia. Kwetu dezyem biro ni yule mwanamke wa pembeni ambaye mume anamficha.

"Hata hamufichi," nilimjibu. "Analala ku mulango yangu."

Walicheka sana. Mimi nilicheka meno tu.

Siku moja nilijibanza ukutani nisikie anamwambia nini. Alikuwa anamsimulia habari za mtoto wetu. Jinsi alivyomgusa paji la uso akajua hatapona. Jinsi mikono hiyohiyo ilivyokuwa imeokoa ndama wa watu. Akamtaja kwa jina. Nilitaka kumtupia mbwa jiwe. Kilio kile kilikuwa haki yangu, mimi niliyembeba mtoto tumboni.

Sikutupa jiwe. Asubuhi iliyofuata nilikwenda nikakaa chini, nikasema, "Nitamushika kichwa, we uoshe." Hakukataa. Mbwa aliniwekea kidevu mapajani. Mume wangu aliosha, halafu, macho yake kwenye kidonda, akaendelea kuongea na mbwa. Alisema mtoto alimwomba maji, na yeye akamnyima, kwa sababu maji ya pale yalikuwa machafu. Hilo sikuwa nalijua. Niliyashika masikio ya mbwa nikaogopa hata kupumua, asije akakumbuka kwamba nipo.

Tangu hapo nikawa kichekesho hata kwangu mwenyewe. Nywele za mbwa ziliota, mbavu zikafunikwa, kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni. Watu walimpongeza mume wangu, na mimi nakitazama kidonda kila siku kwa hofu. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini huyu alikuwa anapona kweli, na akipona, beseni litarudi jikoni na mume wangu atarudi kwenye kimya chake. Kuna asubuhi niliacha kutia chumvi makusudi. Nilijua ninachotaka. Mungu anisamehe, na mbwa pia.

Kikafunga hata hivyo. Mume wangu aliipapasa shingo, akasema, "Imepona," akamwaga maji. Mbwa alijikung'uta, akaenda zake kufukuza kuku wa watu.

Siku iliyofuata nilipasha maji. Nikatia chumvi. Nikaweka beseni na kigoda nyuma ya nyumba, nikakaa chini, pale pa mbwa. Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni, akaliona beseni, akaangaza huku na huku.

"Mugonjwa iko wapi?"

"Mugonjwa njo mi huyu," nilimwambia.

Akautoa mswaki mdomoni, akakaa kwenye kigoda.