Patipati ya Kushoto

"Mama Sheila, si hii ni patipati yako? Umeiacha huko kwa stage, unatembea tu!"

Aliyesema ni Achieng wa meza ya pili, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nyasuguta, mama yake Sheila, akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi la soko la Rodi Kopany, naye hakuwa na habari. Alicheka ili watu wacheke na yaishe. Lakini aliogopa, maana hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

Alikuwa amechoka. Uchovu wa kazi anaujua, ukilala unaisha. Huu alilala nao na kuamka nao tangu mwaka juzi, ulimi ukimwasha, moyo ukienda mbio kwa kuinua gunia la mboga tu. Dispensari walisema damu imepungua, wakampa vidonge. Basi muuza mboga ahangaike na nini zaidi? Wateja wake wote wanajua mboga za chinsaga na managu zinaongeza damu, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia. Akawa anakula hizo asubuhi na jioni. Nyama, samaki, mayai na maziwa aliviacha miaka minane iliyopita, siku alipobatizwa, kwa nadhiri yake mwenyewe. Damu ikapanda kidogo, akashukuru. Miguu ikazidi kufa ganzi, na hakuna aliyemuuliza kuihusu. Yeye naye hakusema. Miguu na damu vinakutana wapi?

Achieng akamburura hadi kliniki moja kwenye barabara ya Rongo. Daktari, msichana aitwaye Caren, aligonga kichuma chenye ndimi mbili, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mama, unasikia inatetemeka?"

"Nasikia baridi tu."

Caren akamtoa damu. Majibu yalikuja baada ya wiki: chembe nyekundu ni chache na zimevimba kupita kiasi, na vitamini B12 karibu haipo.

"Mboga zimesaidia damu, mama, ndiyo maana shida ikajificha. Lakini hii vitamini haiko kwa mboga. Iko kwa nyama, samaki, mayai, maziwa. Ikikosekana, hata mishipa ya fahamu inaharibika. Tutakudunga sindano yake."

"Sindano yenu ina nyama?"

"Haina."

"Na miguu itarudi?"

Caren akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. "Uchovu utaisha. Miguu, tungojee tu. Tumechelewa."

Huu ni mwezi wa tano wa sindano. Gunia analiinua, ulimi umepoa. Jana mteja mmoja alishika fungu la chinsaga.

"Mama, hii inaongeza damu kweli?"

Zamani angejibu kabla swali halijaisha.

"Inaongeza," alisema taratibu. "Lakini pitia na kwa Achieng, ununue omena."

Akainuka kumfungia mboga. Kabla ya kupiga hatua akatazama chini. Patipati zote mbili zilikuwepo. Ya kushoto aliijua kwa macho tu.